Mvuje Katika Nyumba ya Waarabu Safi

Mvuje unanuka vibaya, na asije mtu akaniambia vingine. Unanuka kama kitunguu kilichooza. Juzi nilifungua kopo lake katika duka la viungo, nikalishika karibu na pua mpaka mwenye duka akaniuliza kama niko sawa. Sikuwa sawa. Nilikuwa nimetoka Maskati kwenye uzinduzi wa kitabu changu kipya, na shangazi yangu Zuwena alikuwa amekaa safu ya mbele.

Kazi yangu ni kuwaandikia vijana hadithi za maajabu. Ndani ya vitabu vyangu wamo wanawake wanaogeuka nyoka, miji iliyozama chini ya jangwa la chumvi, na majitu yanayokula majina ya watu. Wachapishaji huandika nyuma ya jalada kwamba nimechota katika urithi wa Bara Hindi, na wasomaji wangu, Mungu awabariki, huniuliza urithi huo niliupata wapi. Siku ile swali hilo halikunifikia mimi. Lilimfikia Zuwena, aliyekuja amejitanda shali ya nakshi za Kihindi, bei ghali, na kumwambia binti wa televisheni: "Hizi hadithi za mama yetu. Mama yetu alikuwa Mhindi wa Kachi, mwanamke wa heshima. Sisi tumelelewa kuionea fahari damu ile." Nilicheka. Watu wakadhani nimefurahi.

Basi nyinyi wa rika langu, mliokulia Ibra kule Omani wakati barabara za mtaani zilikuwa bado vumbi na kiyoyozi kimoja kilipoza familia nzima, kaeni niwaeleze fahari ile ilivyokuwa. Nyinyi mnaijua mila yetu. Nyumba nyingi tulizoziita za watu wenye asili zilikuwa na mtu mmoja aliyefichwa chumba cha nyuma.

Sisi ni Waarabu wa Tabora. Watu wetu walirudi Omani kabla sijazaliwa, wakajenga nyumba ya matofali upande mpya wa mji, baba akapata kazi ya serikali, na kila mtu akaanza kazi ya pili, ngumu kuliko ya kwanza, ya kuonekana hakuwahi kuondoka. Ibra mtu hakuulizi jina lako kwanza. Anakuuliza wewe wa nani. Babu yetu alikuwa amekwisha kufa, lakini jina lake lilikuwa zuri na lilitosha kujibia. Nasaba ya Mwarabu hupita kwa baba, hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani alilijua. Zuwena halikumtosha. Yeye alitaka kuwa safi pande zote mbili, kama shati jipya.

Tatizo ni kwamba babu alikuwa na wake wawili kule Tabora. Wa kwanza alikuwa Mwarabu, akafa bila kuzaa. Wa pili, aliyewazaa wote, Zuwena na baba yangu na shangazi yangu mdogo Salma, alikuwa Sakina, binti wa Mhindi Mwislamu aliyeuza vitambaa na chumvi. Huyo ndiye Bibi. Alikuwa mfupi, mweusi kidogo kuliko sisi, ana kipini cha dhahabu puani ambacho Zuwena alikuwa akimsihi akivue kila Idi ikikaribia, na Bibi alikuwa akijibu kila Idi kwamba tundu lingeziba.

Bibi alikuwa na jiko lake mwenyewe, kibanda nyuma ya nyumba, kwa sababu hakuweza kula adesi zisizo na mvuje. Hapo ndipo akili yangu ya mtoto ilipokwama. Kwa watu wetu mvuje si chakula. Mvuje ni wa mashetani. Mtoto mchanga hufungiwa kipande chake katika kitambaa akavishwa shingoni, na mtu aliyeingiwa na jini hufukizwa nao mpaka jini mwenyewe aombe radhi. Hata Waarabu wa pale Ibra ambao hawakuwahi kuiona Afrika waliujua kwa kazi hiyohiyo, wao wakiuita hiltiti. Sasa huyu Bibi aliyekuwa akiukaanga kwenye samli, akaumwagia juu ya adesi, akala na kuramba vidole, alikuwa anafukuza nini tumboni mwake?

Jibu nilijipatia mwenyewe, tena kutoka mdomoni mwake. Mchana, wakubwa wakilala, nilikuwa nikienda kibandani nikamkuta anachambua adesi kwenye ungo, na yeye akinihadithia. Aliniita beti, neno la kwao la kumwita mtoto wa kike. Hadithi niliyoipenda ilikuwa ya tajiri mmoja aliyemkuta mwanamke mzuri amekaa peke yake katikati ya jangwa la chumvi. Akamposa. Mwanamke akakubali kwa sharti moja, kwamba asiulizwe ametoka wapi, si na mume wala na jirani. Wakaishi, wakazaa. Siku moja mgeni mjinga akiwa anakula chakula alichopika mwanamke huyo aliuliza, "Bibie, asili yako wapi?" Mwanamke akaweka kijiko chini. Ngozi ikaanza kumeta, akateremka kwenye kiti akiwa nyoka mrefu wa rangi ya dhahabu, akatoka mlangoni, na pale alipopita pakabaki mfereji.

"Na watoto wake?" niliuliza.

"Watoto wakabaki," alisema Bibi. "Watoto siku zote hubaki, beti."

Nami nyumbani mwetu nilikuwa nikisikia minong'ono. Mgeni akigonga, Zuwena husema, "Yalla, mama, ndani. Hakuna haja ya watu kujua umetoka wapi." Sharti lilelile! Nikaunganisha na kipini cha dhahabu kisichovuliwa, na mvuje unaoliwa kila siku, nikamaliza hesabu. Bibi alikuwa nyoka, na mvuje ndio uliomshika katika umbo la mtu. Nilifurahi mno. Wenzangu shuleni walikuwa na mabibi wa kawaida.

Salma wakati huo alikuwa amefika umri ambao wanawake wa Ibra huanza kumwombea msichana dua mbele yake. Posa moja ilikuwa imevunjika, na haikujulikana kwa nini, kwa hiyo kila mtu alikuwa na sababu yake. Ndipo ikaja posa kutoka mji wa Nizwa. Kijana alikuwa mhandisi, na mama yake, Bi Zamzam, alikuwa mwanamke wa Unguja mjini, mnene, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi, anayewasikiliza watu wa bara kama daktari anayesikiliza kifua. Salma alikuwa amemwona kijana yule mara moja harusini na alimtaka. Alimtaka hata akawa anaimba akipasi nguo.

Mshenga alipoulizia habari za mama wa biharusi, Zuwena hakusita. Akasema mama yao alikuwa Mwarabu, wa ukoo mmoja na baba yao, na kwamba alifariki Tabora zamani. Yaani alimchukua yule mke wa kwanza aliyekufa bila mtoto akamzalisha watatu kaburini, na mama yake mzazi, aliyekuwa hatua chache tu nyuma ya nyumba akiosha vyombo, akamuua kwa mdomo. Baba yangu alikuwepo. Alikunja gazeti.

Wanawake wa Nizwa walikuja kumtazama Salma siku ya Alhamisi. Nyumba ilifukizwa udi, halwa ikapangwa, tende zikapangwa, Bibi akaambiwa asitoke. Asitoke, sawa, lakini hakuna aliyemwambia asile. Saa za chakula zilipofika mama wa watu akakaanga mvuje wake. Ile harufu ilipita chini ya mlango, ikaupita udi, ikaingia sebuleni bila hodi. Namkumbuka Bi Zamzam, finjani imesimama katikati ya safari ya kwenda mdomoni. Alimtazama Salma, akaitazama shingo ya Salma, akaitazama mikono yake kama kwamba anatafuta hirizi. Kisha akaiweka finjani chini na kusema njia ni ndefu, wanataka kurudi mapema.

Habari ilitufikia kabla ya Ijumaa kwisha. Mshenga alipiga simu, na Zuwena akamrudia kila neno kwa sauti kana kwamba ndiye aliyetukanwa peke yake: Bi Zamzam anasema msichana ana jini. Nyumba yao inafukizwa mvuje mchana kweupe, na wageni wamo ndani, maana yake jini limekataa kutulia hata kwa saa moja. Ndiyo maana ile posa ya kwanza ilivunjika. Mwanawe hataoa wawili kwa mahari ya mmoja.

Salma alijifungia chumbani akalia. Wakubwa wakakaa kikao. Nami nilikuwa nimekaa chini ya meza ya chakula, mahali ambapo katika utoto wangu nilisomea mambo mengi kuliko shuleni, nikiwasikiliza watu wazima wenye mishahara na magari wakitafuta namna ya kutoka kwenye shimo walilolichimba wenyewe. Njia ilikuwa moja nayo ilikuwa fupi. Mtu angenyanyua simu akasema, mama yetu yu hai, ni Mhindi, alikuwa anapika adesi. Maneno hayo hayakuwa mazito kuyasema. Hakuna aliyeyasema. Waliona bora binti yao aitwe mwenye shetani kuliko kuitwa mwenye mama.

Zuwena ndiye aliyepata dawa. "Problemu yenu nini? Tuseme kweli nusu. Tuseme tuna khadama wa Kihindi, mtumishi wa jikoni. Kila nyumba Omani ina khadama wa Kihindi. Khadama anapika uchafu wao huko nyuma, sisi tufanyeje? Tena tuwaoneshe. Wakimwona kwa macho, khalas."

Baba akasema, "Na mama je?"

"Mama si ndiye?" alisema Zuwena, kwa mshangao wa mtu anayewaeleza wapumbavu.

Baba yangu akasema fanyeni muonavyo, mambo ya wanawake hayo. Ni mtu mpole sana, baba yangu. Nimeishi miaka mingi nikiona upole unavyoweza kuwa mchafu.

Walimwita Bibi wakamweleza. Alisikiliza amesimama, mikono ina maji. Kisha akauliza swali moja tu, ikiwa Salma anamtaka yule kijana kweli. Wakasema anamtaka. "Basi mwanangu aolewe," alisema Bibi. "Mimi nishaolewa." Akarudi kwenye vyombo vyake.

Mshenga akawabembeleza wa Nizwa waje mara moja tena, na asubuhi ya wageni kurudi Zuwena alinishika bega. "Sikiliza. Wageni wakiwepo usimwamkie Bibi. Hakuna shikamoo. Wala usimwite Bibi. Na mtu akiuliza ametoka wapi, funga mdomo, fahimti?" Nilifahamu kupita alivyotaka. Mtoto asiyemwamkia bibi yake kwetu angechapwa. Kama Zuwena mwenyewe anakataza, basi jambo ni kubwa. Leo swali litaulizwa. Nilikwenda nikakaa karibu na mlango, miguu juu ya kiti, niipishe njia ya nyoka.

Wakaja. Zuwena akapiga makofi mawili, akaita, "Sakina! Lete kahawa!"

Sijui kwa nini harufu, udi, halwa, vyote vya siku ile nimevisahau, lakini sauti hiyo ninayo mpaka leo. Alimwita mama yake kwa jina lake tupu, na kwa makofi. Bibi akaingia. Walikuwa wamemvisha kanga mbili kuukuu na kumvua kipini. Puani palikuwa na kitobo cheusi tu. Akawamiminia wageni mmoja mmoja, ameinama, birika mkono wa kushoto na finjani wa kulia, kama inavyotakiwa, mpaka akamfikia Salma.

Mnajua kahawa yetu ilivyo. Ukishatosheka unaitikisa finjani, na asiyetikisa anaongezewa. Salma alipokea kwa mama yake, akanywa, akarudisha, hakutikisa. Bibi akamimina. Salma akanywa, hakutikisa. Bibi akamimina tena, na tena, amesimama mbele ya mwanawe na mgongo umeinama, na Salma macho chini anakunywa kahawa chungu kama mtu aliyepewa adhabu. Hakuweza kumruhusu aende na hakuweza kumwambia akae. Zuwena akakohoa. Mwishowe Bibi aliivuta finjani kutoka vidoleni mwa Salma, taratibu, akaitikisa yeye mwenyewe kwa niaba yake.

"Mashaallah, mtu mzima huyu," alisema Bi Zamzam. "Mbona mmemweka mpaka umri huu?"

"Tunaye tangu bara," alisema Zuwena. "Tunamwonea huruma. Ndiye yule wa mvuje, siku ile. Tumemkataza, hasikii."

"Loo! Kumbe mvuje wa jikoni!" Bi Zamzam alicheka mpaka kifua kikatikisika, na kwa kicheko kile nikaona ndoa ya Salma imerudi. Kisha akamgeukia Bibi, kwa wema, maana hakuwa mwanamke mbaya, akauliza: "Nambie, mama, asili yako wapi?"

Nilishika kiti kwa mikono miwili. Sasa, nilijiambia. Sasa ngozi itameta. Atawapitia katikati, halwa itamwagika, Zuwena atapiga kelele, na ukutani patabaki ufa ambao watu watakuja kuutazama hata kutoka mji wa Sur. Nilimwomba Mungu Bibi awe mrefu sana.

Bibi alizaliwa Tabora. Alikuwa na Kiswahili kizuri kuliko sisi wote mle ndani, cha kupangilia maneno kama adesi kwenye ungo. Akainua uso, akasema: "Mimi toka Hindi, mama. Mimi pika tu, mama."

Ilikuwa sauti ile ambayo wanawe walikuwa wakiifanya kuwachekesha watu, sauti ya Mhindi wa dukani. Kumbe alikuwa akiwasikia miaka yote. Aliifanya vizuri kuliko wao. Wageni wakatabasamu, Zuwena akashusha pumzi, na mimi nikabaki kwenye kiti changu nikisubiri nyoka. Hakugeuka nyoka. Aligeuka khadama, mbele ya macho yangu, na hakukuwa na mtu hata mmoja aliyeshangaa.

Salma aliolewa, akaenda Nizwa. Uongo nao ukabaki kwetu, na uongo wa namna hiyo hauwekwi kabatini, unatakiwa ulishwe kila siku. Majirani wapya waliambiwa vilevile. Wageni wakija, Bibi alikuwa anasimama mwenyewe kuchukua birika, hata bila kuitwa. Salma alikuja kwa mapumziko na mumewe, na mama yake akamtandikia kitanda kama mtumishi wa hoteli. Mkataa kwao mtumwa, tunasema, na Zuwena aliupenda sana msemo huo, aliwatupia watoto wasiojua Kiswahili. Kwetu waliokataa kwao walibaki mabwana. Mtumwa alikuwa yule waliyemkataa.

Nilipoanza kuota chunusi Bibi aliugua, hakukaa, akafa. Ndipo ilipojulikana kwamba wamejiziba kila upande. Mtu hawezi kufiwa na mama mmoja mara mbili. Hapakuwekwa matanga, wala haikutangazwa msikitini kwamba mama wa fulani amefariki. Walimwosha, wakamkafini, baba na wanaume wachache wakamzika, na jioni ile baba akatazama habari. Sauti ya televisheni ilikuwa juu kuliko kawaida. Hicho ndicho kilio chake, kama kilikuwa kilio.

Siku ya pili Bi Zamzam alikuja kutoka Nizwa. Katika ukoo mzima wa wakwe, ndiye peke yake aliyeona khadama mzee akifa watu wapewe pole. Alimleta Salma. Salma alikuwa amefunga kitambaa shavuni, amesingizia jino, apate ruhusa ya kulia.

"Huyu maskini jino linamtesa," alisema Bi Zamzam akijiweka kwenye mkeka. "Tangu jana analia, na kwa daktari hataki kwenda. Poleni na mtu wenu. Alikuwa na mkono mzuri wa kahawa. Nimesikia mmemwosha wenyewe, mkamzika kwenye makaburi yenu. Wallahi, wangapi wangemfanyia khadama hayo? Mmefanya ihsani kubwa."

Nilimtazama Salma. Angeweza kusema. Ndoa ilikwisha kufungwa, mtoto alikwisha kuzaliwa, mama hayupo tena wa kuaibisha wala kuaibishwa. Alikibana kitambaa shavuni, akazidi kulia kwa ajili ya jino.

Zuwena alijifuta jicho moja kwa ncha ya mtandio. "Tunatafuta thawabu tu, Bi Zamzam. Dunia mapito."

"Kweli, mwanangu," alisema Bi Zamzam, akainua mikono yake minene ya mama mwema. "Mwenyezi Mungu awalipe kwa yote mliyomtendea."

Chumba kizima kikaitika amina. Mimi niliitika kwa sauti kuliko wote, kisha nikarudia peke yangu, hata Zuwena akageuka kunitazama. Nilitaka dua ile ifike. Awalipe kwa yote waliyomtendea, asibakishe hata moja.